Makuruti wakipewa maswali tofauti, alama zao zinalinganishwaje?

Swali: Dodoso letu la haiba linauliza "nakubali" au "sikubali". Kila kuruti anajisema ana nidhamu na uvumilivu, alama zote zinarundikana juu. Tukiwapa kauli mbilimbili wachague moja, na kompyuta ikabadilisha maswali kwa kila mtu, alama zitalinganishika kweli?

Jibu: Zitalinganishika, ila kazi kubwa iko kabla kuruti wa kwanza hajaketi. Ndivyo kinavyofanya kazi kipimo cha haiba kiitwacho TAPAS, ambacho Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilianza kukitumia kwa waombaji mwaka 2009.

Kwanza jaribuni kila kauli peke yake kwa watu wengi, mjue inakaa ngazi gani ya sifa inayoipima (tuseme nidhamu au utulivu) na inampendezesha anayeichagua kiasi gani. Kisha oanisheni zenye mvuto unaokaribiana: "Namaliza kazi hata nikichoka" na "Kwenye hatari natulia". Mkiweka "Huwa nachelewa" pembeni ya mojawapo, mmempa jibu mkononi. Mvuto wenyewe upimwe kwa watu walioambiwa wajione wanaomba kuingia jeshini. "Naamua mambo bila kumuuliza mtu" hupendeza uraiani, kambini hapana.

Wengi hukwama kwenye kuhesabu. Mkijumlisha tu mara ambazo kila sifa imechaguliwa, jumla ya sifa zote inakuwa ileile kwa kila mtu: anayepanda kwenye nidhamu lazima ashuke kwingine. Mtajua ana nidhamu kuliko utulivu, hamtajua kama anamzidi mwenzake. Kwa hiyo tumieni modeli inayokokotoa uwezekano wa kauli moja kuchaguliwa mbele ya nyingine, na mchanganye jozi chache zenye kauli mbili za sifa moja, za ngazi tofauti, ili mtu apimwe kwenye sifa hiyo bila kuishindanisha na nyingine. Sehemu ya kumi ya jozi inatosha. Hizo ndizo ngumu kusawazisha mvuto, zipeni muda.

Kompyuta huanza kwa kumchukulia kila mtu kuwa wa wastani, hukokotoa upya alama zake baada ya kila jibu, kisha huchagua jozi itakayofichua zaidi. Kwa kuwa kauli zote zilishapimwa kwa kipimo kimoja, alama hukaa kwenye mizani ileile. Msiiache ichague jozi bora peke yake: wekeni kikomo cha matumizi ya kila kauli, la sivyo chache zitajirudia hadi zivuje.

Kuhusu kupanga kazi, alama hizi hueleza zaidi kama mtu atajituma na atadumu. Uwezo wa kujifunza upimeni kwa mtihani mwingine. Uzani wa kila sifa utoke kwenye kumbukumbu za waliomaliza au kuacha mafunzo ya kazi hiyohiyo. Uzani wa askari wa miguu usihamishiwe kwa mafundi wa rada.