Umeambiwa "Uko Safi"? Uliza na Herufi

Ukishapigwa mamografia, ile eksirei ya kutafuta saratani ya titi, na kuambiwa "mama, uko safi, nenda zako", lipo swali moja la kuuliza kabla hujabeba mkoba: "Daktari, matiti yangu yako kundi gani? A, B, C au D?" Wengi wetu hatuulizi kwa sababu hatujui kama kuna makundi. Mimi nilijua nikiwa na miaka 46, na nilijua kwa bahati tu, maana daktari wa picha niliyemkuta siku ile alikuwa anapenda kuelimisha.

Alibandika filamu yangu kwenye kisanduku cha taa akanionyesha kwa kalamu. Palipo peusi ni mafuta. Palipo peupe ni tezi za maziwa na nyuzinyuzi zinazolishikilia titi. Yangu ilikuwa nyeupe karibu yote, isipokuwa ukanda mwembamba wa giza pembeni. Kisha akasema kitu ambacho hakijanitoka kichwani: uvimbe wa saratani nao hutoka mweupe. Kwenye titi lenye mafuta mengi uvimbe unajitokeza wenyewe, lakini kwenye titi ambalo tishu zake zimeshonana kama langu, ni kutafuta punje ya chumvi kwenye kilo ya sukari.

Mimi ni C. A ni titi ambalo karibu lote ni mafuta, B lina tezi zilizotawanyika, C tishu zimeshonana sehemu kubwa, na D zimeshonana karibu kote. Marekani, ambako takwimu hizi zimekusanywa kwa miaka mingi, katika kila wanawake 100 wanaofanya mamografia kama 10 ni A, 40 ni B, 40 ni C na 10 ni D. Nusu kwa nusu, basi. Kuwa C au D si ugonjwa, na hakuna dawa unayotakiwa kunywa.

Sasa shika hili, maana ndilo linalowachanganya wengi. Kwenye ripoti kuna alama mbili. Ipo namba ya BI-RADS, yaani mpangilio ambao madaktari huutumia kuandika majibu ya picha za matiti, ya 0 hadi 6, na ipo hiyo herufi. Namba inasema daktari ameona nini: 1 hakuna kitu, 2 kuna kitu lakini hakina madhara, 4 na 5 inabidi kikatwe kinyama kipimwe, 0 picha haijitoshelezi na vipimo viongezwe. Herufi inasema aliweza kuona kwa kiasi gani. Kwa hiyo "1" ya mwanamke wa kundi A na "1" ya mwanamke wa kundi D hazina uzito sawa, hata kama wote wawili wameambiwa waende nyumbani wakapumzike.

Huko Marekani wanawake walipigania haki ya kuambiwa jambo hili. Nancy Cappello wa Connecticut alikuwa akienda mamografia kila mwaka na kuambiwa hana neno. Mwaka 2004, wiki chache tu baada ya jibu zuri, daktari wake alipapasa kitu kisicho cha kawaida, altrasaundi ikaonyesha saratani, tena ilishafika kwenye tezi za kwapani. Hapo ndipo alipoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba matiti yake yana tishu zilizoshonana. Hakunyamaza. Mwaka 2009 jimbo lake likawa la kwanza nchini humo kutunga sheria ya kuwajulisha wanawake. Alifariki 2018, na tangu tarehe 10 Septemba 2024 kila kituo cha mamografia Marekani kinalazimika kumwandikia mteja kuhusu hali ya tishu zake.

Kinachonishangaza ni kwamba huku kwetu ripoti mara nyingi tunakabidhiwa wenyewe, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na filamu. Tunaipeleka nyumbani tunaiweka juu ya kabati, imeandikwa kwa Kiingereza cha kitabibu, basi. Ifungue. Tafuta sentensi yenye neno "dense", yaani zilizoshonana, au herufi yenyewe. Usipoiona, rudi uliza. Ni sehemu ya kawaida ya ripoti, humsumbui mtu.

Na usijipime kwa mkono. Titi lililosimama si lazima liwe na tishu zilizoshonana, wala lililolala si lazima liwe la mafuta. Ukubwa nao hausemi kitu. Ni picha tu inayojua. Kwa kawaida tishu hupungua umri unavyokwenda, hasa hedhi ikikoma, na dawa za homoni za baada ya kukoma hedhi zinaweza kuziongeza. Kuhusu mafuta ya kuchulia yanayouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp eti "yanalainisha titi", weka hela yako ya mboga.

Tishu hizo pia zinaongeza hatari kidogo, mbali na kuficha uvimbe. Utasikia kwamba mwenye D ana hatari mara nne au zaidi ya mwenye A. Ni kweli, ila A ni wachache. Ukimlinganisha na mwanamke wa wastani, pengo linapungua sana. Kama mama yako au dada yako aliugua saratani ya titi, hapo ndipo C au D inapotakiwa kukufanya ukae na daktari mzungumze kwa kirefu.

Mimi niliongezewa altrasaundi. Japani waliwafuatilia wanawake zaidi ya 70,000 wa miaka 40 hadi 49: mamografia peke yake ilikamata saratani 77 katika kila 100, na ilipoongezwa altrasaundi zikawa 91. Lakini bei yake ipo, na sisemi ya shilingi tu. Altrasaundi huona vitu vingi visivyo na maana. Yangu ilikuta kivimbe, nikapangiwa sindano wiki iliyofuata, na wiki hiyo chakula hakikupita. Sindano ilipoingia yakatoka maji ya kahawia hafifu na kivimbe kikanywea palepale kwenye kioo. Kifuko cha maji tu. Ningeambiwa nirudie, ningerudia, ila namwelewa anayesema hapana.

Altrasaundi haichukui nafasi ya mamografia. Vile vichembe vya chokaa ambavyo wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza ya saratani, mamografia ndiyo inayoviona vizuri. Siku ya kwenda usipake poda wala dawa ya kwapa, vinaweza kutokea kwenye picha kama vichembe hivyo. MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, inaona zaidi ya vyote, na utafiti wa Uholanzi umeonyesha inawasaidia wenye D, ila kwa gharama zake wengi wetu tutaisikia tu.

Mabinti wa chini ya miaka 40, tishu zenu mara nyingi bado zimeshonana, na Afrika Mashariki saratani hii inawapata wengi wakiwa bado wadogo kuliko Ulaya. Ukishika uvimbe, mara nyingi altrasaundi ndiyo ya kuanzia. Shoga yangu mmoja, miaka 38, aliambiwa kwenye hospitali fulani kwamba mamografia haina kitu, huku uvimbe anaushika kwa vidole viwili. Picha safi haifuti uvimbe unaoushika, wala chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, wala ngozi iliyovutwa. Aliomba altrasaundi mwenyewe, wakamkata kinyama, na sasa yuko kwenye matibabu.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mpango wake wa 2021, linataka mwanamke mwenye dalili apate jibu kamili ndani ya siku 60 tangu afike kituoni. Hesabu ya siku zako iandike kwenye kadi. Ukiona siku zinayoyoma na bado unaambiwa "tuangalie angalie kwanza", omba barua ya rufaa uende hospitali yenye daktari wa saratani, filamu zote mkononi.