Barua kwa mwanangu: Kabla hujanunua homu thieta

Mwanangu Rehema,

Salamu sana. Huku Morogoro hatujambo, mama yako yuko kwenye matuta yake ya mchicha tangu asubuhi. Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili. Unasema zamu yako ya kupokea kikoba imefika, una laki nne mkononi, na baba Imani ameona dukani homu thieta ya spika sita kwa laki tatu na themanini, boksi limeandikwa wati 8,000. Unaniuliza kama inafaa, maana kwenye tamthilia maneno hamyasikii, na mkiongeza sauti tangazo likija linamwamsha mtoto. Nimeishi na redio za watu mezani kwangu miaka 31. Hiyo usiinunue. Sababu zake ndizo zimenifanya nikae niandike, kwa sababu laki nne ya kikoba najua umeitoa wapi.

Tuanze na TV yenyewe. Zile za chogo tulizokulia nazo zilikuwa na nafasi tumboni, na nyingi spika zake zilitazama mbele, zikikuelekea wewe unayesikiliza. Flati ni nyembamba, spika zake ni ndogo na mara nyingi zimetazama chini au mgongoni, kwa hiyo sauti inagonga meza na ukuta kwanza ndipo ikufikie. Muziki utausikia vizuri tu. Kinachopotea ni zile sauti nyembamba za s, f na t, na hizo ndizo zinazolifanya neno lieleweke. Sebule yako nayo ina vigae chini na kuta tupu, kila neno linarudi mara ya pili na kulifunika linalofuata. Ndiyo maana unaongeza sauti na bado huelewi. Unaongeza kelele, maneno yanabaki palepale.

Sasa hizo wati. Mwezi uliopita mteja aliniletea seti ya namna hiyohiyo, imekufa kabla haijamaliza mwaka. Nikaifungua. Transfoma yake inaenea kiganjani kama chungwa. Zile spika ndogo, kila moja ina duara mbili kwa mbele, kubwa na ndogo. Nilipotoa wavu nikakuta duara ya juu ni plastiki iliyobandikwa, nyuma yake hakuna sumaku wala waya. Boksi la mteja lilisema wati 8,000. Mgongoni, kwenye stika ndogo kando ya waya wa umeme, imeandikwa 230V, 50Hz, 65W. Hiyo 65 ndiyo ya kuiamini. Kifaa hakiwezi kuendelea kutoa kwenye spika nguvu kubwa kuliko inayovuta ukutani, na sehemu ya hiyo inaishia kwenye joto. Gawa kinachobaki kwa spika sita uone. Namba kubwa ya kwenye boksi wanaiita PMPO, ni ya kilele cha kufumba na kufumbua, na hakuna kipimo kimoja wanachokifuata kuipata, kila kiwanda kinajiandikia. Ukitaka kulinganisha, uliza RMS, yaani wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo. Wala wati chache si ubaya, mama. Kwa chumba cha futi kumi na mbili, wati kumi za kweli zinatosha kumgongea jirani ukuta. Ubaya ni kutoa hela ya kitu ambacho hakimo ndani.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Spika sita kila moja ina kazi yake: mbili za mbele, moja ya kati, mbili za nyuma, na ile kubwa ya besi. Dolby Digital, mfumo wa sauti wa namna hiyo, uliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 1992, halafu DVD zikauleta majumbani. Lakini ili spika sita zicheze sauti sita, lazima sauti sita zifike. Seti aliyoiona baba Imani inaungwa na TV kwa waya mwekundu na mweupe, umeniandikia mwenyewe. Waya hizo zinabeba njia mbili, basi. Spika za nyuma zitapewa nakala ya zile za mbele. Na zile filamu za kutafsiriwa mnazowekewa kwenye flashi, mtafsiri amezungumza juu ya sauti ya filamu na vyote vimebanwa kwenye njia mbili au moja. Hata ukiunga waya wa dhahabu, havitakuwa sita. Tena kochi lenu limeegemea ukuta. Nyuma yenu ni wapi hapo? Waya za hizo spika zitapita sakafuni, na Imani sasa anatambaa.

Katika seti nzima kitu kimoja ndicho kingekufaa, nacho ni spika ya kati, maana katika filamu iliyotengenezwa hivyo maneno ya waigizaji hupitia hapo zaidi. Nimelijua hilo vizuri zaidi kwa ajili ya mama yako. Masikio yake yamepungua, hajakuambia kwa kuwa hataki uwaze. Taarifa ya habari ya saa mbili alikuwa anasikiliza amesimama mbele ya TV, mkono sikioni, nami inaniuma kumwangalia. Nikachukua spika ya kati ya seti moja iliyotelekezwa hapa kwa fundi, nikaiunga na amplifaya ndogo, nikaiweka juu ya stuli hatua mbili kutoka kiti chake, usawa wa kichwa. Sauti nimeishusha kuliko zamani. Jana alicheka peke yake, nikajua neno limefika.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Tafuta saundiba, ile spika moja ndefu ya kuweka chini ya TV, au sabufa ya spika mbili na besi yake, isiyozidi laki mbili na nusu, yenye tundu la HDMI, ule waya mmoja wa picha na sauti, lililoandikwa ARC. TV yenu ina tundu la jina hilo, nililiona Pasaka. Ukiunga hapo, sauti ya TV inapita kwenye waya huo hadi kwenye spika, na rimoti moja inatosha. Kati ya hizo mbili mimi napenda saundiba kwa sebule yenu, hasa ikiwa na spika ya kati. Besi kubwa ni ya watu wasiochangia ukuta na wapangaji wengine. Hela inayobaki nunua gadi ya umeme, ile inayosubiri dakika chache umeme ukirudi. Seti nyingi zinazokufa mikononi mwangu zimeuawa na umeme uliorudi kwa kishindo, IC, kile kidude cheusi chenye miguu mingi ndani ya saketi, inapasuka na kuipata ileile ni shida. Nunua na zulia, hata la mtumba, na pazia zito.

Mngekuwa na nyumba yenu, kochi likae katikati ya sebule, na filamu mnazitazama za intaneti zenye sauti sita, ningewaambia msubiri mkusanye zaidi, mnunue homu thieta ya kweli. Mkwe mwambie hivyo, asione nimempinga.

Dukani nenda na flashi yako mwenyewe, uweke mtu anayesoma habari kwa Kiswahili. Muuzaji atataka kukupigia muziki, mkatalie kwa upole. Sikiliza kwa sauti ndogo kama unavyosikiliza usiku mtoto amelala. Halafu simamisha flashi, pandisha sauti hadi juu, uweke sikio: ikinguruma bila kupiga kitu, iache. Jaribu vitufe vya kwenye mashine yenyewe, maana kuna seti ambazo rimoti ikipotea umepoteza vyote.

Kabla hujatoa hela, geuza mashine mgongo, piga picha ile stika ya umeme na matundu yote ya waya, unitumie. Jumamosi sifungui kazi nyingine mpaka nione picha hiyo.

Mama yako anauliza kama Imani ameota jino la pili.

Baba yako