Spishi za tumbusi "wako" hatarini au "zimo" hatarini?

Msomaji anauliza: "Katika makala yangu niliandika 'Spishi nyingi za tumbusi wako hatarini kutoweka.' Mhariri akaweka 'zimo hatarini'. Tumbusi ni ndege, ana uhai. Kwa nini isiwe wako?"

Mhariri yuko sahihi. Kiima cha sentensi yako ni spishi, na spishi imo katika ngeli ya I-ZI: spishi hii, spishi hizi. Uhai wa ndege hauihamishi. (Zimo au ziko, zote zafaa.) Tazama: "Spishi nne za tumbusi wa Afrika zilitangazwa mwaka 2015 kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka." Za na zilitangazwa zinafuata spishi, "wa" ndiyo pekee inayomfuata tumbusi. Ndivyo ilivyo pia kwa "idadi ya tumbusi imepungua", ambayo wengi huiandika "wamepungua".

Ukiitaka wa-, anza na ndege wenyewe: "Tumbusi wengi wanauawa kwa sumu." Mimi naipenda zaidi hii pale unapoeleza chanzo cha vifo. Majangili hutia sumu mzoga wa tembo ili tumbusi wasizunguke angani na kuwaonyesha askari wa wanyamapori mahali ujangili ulipofanyika. Anayekula sumu ni tumbusi, spishi haili. Msomaji wako amwone ndege huyo.

Kuna mahali upatanisho hugeuza maana kabisa. Mwaka 1987 kondori wa California (aina ya tumbusi wa Amerika) wa mwisho aliyekuwa porini alikamatwa, akaungana na wenzake waliokuwa wakizalishwa kizuizini. Ndege 27 walikuwa hai, lakini spishi ilikuwa imetoweka porini, hadi walipoanza kuachiliwa mwaka 1992. Ukiandika "kondori walikuwa wametoweka", msomaji ataamini hakusalia hata mmoja.

Na hiyo nyingi yako iache, usikubali mtu aibadilishe kuwa zote. Duniani kuna spishi 23 za tumbusi, ukihesabu na kondori. Zaidi ya nusu zimo hatarini, ila tumbusi weusi wa Amerika, kwa mfano, bado ni wengi. Sentensi yako basi isomeke: "Spishi nyingi za tumbusi zimo hatarini kutoweka."