Usifike mwisho wa kiungo

SWALI: Assalaam alaykum, mama. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi huku Wete, nina miaka 26. Tangu utotoni napinda: kidole gumba nikikipinda kinalala juu ya mkono, kati ya kifundo na kiwiko, na nikiinama viganja vyote viwili vinagusa sakafu bila ya kukunja magoti. Wenzangu walikuwa wakiniita mpira. Sasa si mchezo tena. Mwaka jana bega la kulia lilitoka nilipokuwa naanika mashuka uani. Lilirudi lenyewe, lakini tangu siku ile nikiandika ubaoni kwa muda linauma hadi shingoni. Kifundo cha mguu nacho kinateguka hata kwenye njia iliyonyooka. Nyumbani wengine wanasema ni baridi, wengine wanasema ni uvivu. Daktari aliniambia viungo vyangu vimelegea kupita kiasi, nifanye mazoezi ya kuimarisha misuli, basi. Dada yangu aliyeko Maskati amenitumia video za Pilates, mazoezi ya polepole ya kuimarisha kiwiliwili, nazifuata kwenye simu baada ya alasiri. Mwalimu wa kwenye video anasema nyoosha zaidi, na mimi kunyoosha nakuweza kumpita hata yeye. Lakini kila baada ya somo nyonga inaniuma siku mbili, hata ngazi za skuli napanda kwa kushika ukuta. Niache, au niendelee mpaka mwili uzoee?
Mwalimu, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Mazoezi endelea nayo, video hizo ziweke kando leo hii. Na hapo hakuna kuzoea. Nyonga inayouma siku mbili baada ya somo imepelekwa mahali isipotakiwa kwenda, na ukiirudisha huko kila wiki itazidi kulegea.

Nakujibu kama mtaalamu wa mazoezi tiba, na pia kama mwenzio. Mimi ni mtu wa Chake Chake na viungo vyangu ni kama vyako. Skuli nilikuwa nikiitwa mbele niwaoneshe watoto kiwiko kinavyopinda kwa nyuma. Nilipofika miaka 31 bega lilinitoka nikipokea mkoba kutoka juu ya gari la abiria, na aliyenihudumia siku ile akaniambia nimelala vibaya. Nilirudi nyumbani nikalia. Kwa hiyo hilo neno "uvivu" nalijua linavyokata, na nataka wa nyumbani kwako wasome hapa kwamba si kweli.

Kiungo cha mtu hushikwa na kano na misuli. Kano zako zinavutika kuliko za wengine, mfano wa lastiki ya nguo iliyofuliwa sana, na mara nyingi hali hii hurithiwa. Kano zikishindwa kushika, misuli inabeba kazi yao juu ya kazi yake. Ndiyo maana unachoka mapema, na ndiyo maana jioni unahisi umekaza shingo, mgongo na mapaja. Hapo ndipo tunapojidanganya: tunahisi tumekakamaa, tunajinyoosha, tunapata nafuu ya saa moja, kisha kiungo kinabaki wazi zaidi na maumivu yanarudi makubwa. Ule mkazo ni misuli inayolinda kiungo. Ukiivuta, unamwondoa mlinzi.

Huenda daktari wako alitumia kipimo chenye alama 9: vidole gumba kugusa mkono, vidole vidogo kupinda nyuma zaidi ya digrii 90, viwiko na magoti kupinda nyuma kupita mstari ulionyooka kwa zaidi ya digrii 10, na viganja kugusa sakafu. Kinaitwa kwa jina la Peter Beighton wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1973 alichapisha pamoja na wenzake matokeo ya kuwapima Watswana wa vijijini. Waliona wanawake wanapinda kuliko wanaume, na watoto kuliko wakubwa. Mtu mzima wa chini ya miaka 50 akifikisha alama 5, viungo vyake huhesabiwa vilegevu. Lakini alama peke yake si ugonjwa. Wapo wanaopata 7 na hawajaumwa hata siku moja. Wewe unaumwa na bega limeshatoka, kwa hiyo unahitaji tiba hata ungekuwa na 4.

Sasa Pilates yenyewe. Joseph Pilates alikuwa Mjerumani aliyezaliwa 1883. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alizuiliwa kambini Uingereza, na huko ndiko alikoendeleza mazoezi yake kabla ya kuhamia New York. Msingi wake unatufaa sana: kutawala mwili, pumzi, mwendo wa pole, kiwiliwili kutulia wakati mkono au mguu unasogea. Ila huko New York wanafunzi wake wengi walikuwa wacheza dansi wa jukwaani, na mengi ya mazoezi yale bado yana umbo lao: miguu kupita juu ya kichwa, mapaja kufunguka wazi. Mtu mgumu akiambiwa "nyoosha zaidi" anafika nusu, misuli inamzuia. Wewe ukiambiwa hivyo unapitiliza mpaka mwisho, na kule mwisho unaning'inia kwenye kano tupu.

Nikwambie nilivyojifunza hili kwa mwili wangu. Ramadhani moja nilikuwa nimesimama katika safu ya tarawehe. Baada ya salamu, bibi aliyekuwa nyuma yangu akaniinamia akaniuliza, "Mwanangu, magoti yako mbona yamekwenda nyuma kama upinde?" Miaka yote ile nilidhani nasimama. Kumbe nilikuwa nimeyafunga magoti kwa nyuma na kuziegemea kano. Rakaa iliyofuata nikayalegeza magoti kiasi cha unene wa kidole. Mapaja yalianza kutetemeka kabla imamu hajarukuu. Mtetemo ule ulinieleza zaidi ya masomo mengi niliyosoma: misuli iliyopaswa kunisimamisha ilikuwa imelala.

Basi anzia hapo hapo. Kila ukisimama kusali, au mbele ya ubao, yatazame magoti yako, na kama yamefungika nyuma yalegeze kidogo. Mwanzoni utajiona umesimama kama mtu anayetaka kukaa. Usiamini hisia hiyo, kwa sababu watu kama sisi hatuhisi sawasawa kiungo kiko wapi, na kilichopinda tunakiona kimenyooka. Jitazame kwenye kioo, au egesha simu ubavuni kwako ujirikodi.

Kisha lala chali juu ya mkeka uliotandikiwa blanketi, kunja magoti, nyayo chini, taulo jembamba chini ya kichwa. Toa pumzi polepole, na unapoitoa kaza sehemu ya chini ya tumbo kwa wepesi, kama unayezuia mkojo kidogo. Usibane kwa nguvu zote, thuluthi inatosha. Tumbo likiwa hivyo, inua unyayo mmoja kiasi cha kupitisha kitabu chini yake, urudishe, kisha wa pili. Weka mikono juu ya mifupa ya nyonga: ikiyumba, umeinua mno. Mara tano kila mguu, siku tatu kwa wiki, na usiongeze kabla ya wiki mbili kupita. Najua litakuonekea dogo. Mimi lilinichukua mwezi mzima kulifanya bila ya nyonga kuyumba.

La pili ni la bega. Kaa kama unayetaka kusujudu, magoti chini na viganja chini ya mabega. Wenye viwiko kama vyetu hapa ndipo wanapovifunga mpaka vikapinda upande wa pili, na mwalimu asiyejua atakusifu kwa mikono iliyonyooka. Vilegeze, mikunjo ya ndani ya viwiko itazamane. Sukuma sakafu mpaka uhisi mifupa ya mabega imetandaa mgongoni. Tulia hapo pumzi tatu, pumzika. Kifundo cha mkono kikiuma, kunja ngumi. Usinyanyue mkono hewani mpaka mkao huo uwe imara kabisa, kwani bega lako lilitoka kwa kuinua, nalo litarudi kwenye kuinua mwisho wa safari. Kwa sasa andika ubaoni usawa wa kifua, na kamba ya nguo ishushwe.

Kuhusu mtandao, sikukatazi. Pemba si kila mtaa una mtaalamu, na darasa la kwenye simu linaweza kukufikia ulipo. Ila video iliyorikodiwa haikuoni. Tafuta darasa la moja kwa moja la watu wachache, ambalo mwalimu anakutazama kwenye kamera na kukuita kwa jina pale kiwiko kinapopita mstari. Bando litakwenda zaidi, kwa hiyo mara moja kwa wiki inatosha, siku nyingine rudia peke yako ulichosahihishwa. Kabla ya kulipa mtumie ujumbe mwambie: viungo vyangu vimelegea, bega limewahi kutoka, utanibadilishia nini? Akikuuliza maswali, ni wako. Akikujibu kwamba una bahati kwa kuwa laini, muage kwa heshima.

Kwa wakandaji nakuomba kitu kimoja. Kupakwa mafuta ya nazi ya moto na kukandwa taratibu hakuna neno, lakini usikubali kuvutwa mkono wala kualishwa shingo. Na kama ukisimama ghafla unaona giza au moyo unakwenda mbio, mwambie daktari. Jambo hilo huandamana mara nyingi na viungo vilegevu. Wewe fanya mazoezi ya kulala kwanza, kisha inuka kwa hatua. Mwezi wa Ramadhani yafanye usiku baada ya kunywa maji ya kutosha.

Nenda hospitali bila ya kungoja somo lolote ikiwa utapata ganzi inayoenea, mguu kukosa nguvu, kushindwa kuzuia haja, au maumivu makali ya ghafla ya kifua. Na kama katika ukoo wenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana kwa kupasuka mshipa mkubwa, mweleze daktari kabla ya zoezi la kwanza. Ugonjwa wa Ehlers-Danlos, wa kurithi na wenye kulegeza viungo, kwa mpangilio wa 2017 una aina 13, na mojawapo iliyo nadra hudhoofisha mishipa ya damu.

SWALI: Bibi, shikamoo. Binti yangu ana miaka minane, anapinda vidole mpaka vinatisha na wenzake wanamtaka awaoneshe kila siku. Haumwi, ila anaandika polepole na anasema mkono unachoka. Naye nimtafutie hayo mazoezi ya kwenye simu?
Mama wa Mkoani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, si kwa umri huo. Watoto kwa kawaida ni walegevu, na wengi hukaza wanapokua. Mwache acheze, na kama yupo mtu mzima wa kumsimamia, mwache aogelee, kwani maji humpa nguvu bila ya kumvuta. Mkataze tu maonesho ya vidole, kwa upole, bila ya kumtisha. Na anapokaa chini asitupe miguu nje kwa pande mbili huku makalio yakigusa sakafu. Mzoeshe kukunja miguu mbele.

Mkono unachoka kwa sababu vidole vinapinda nyuma juu ya kalamu, naye anaibana kwa nguvu ili isitoroke. Chukua kipande cha kanga kuukuu, kizungushe kwenye kalamu ya risasi mpaka iwe nene kama kidole chako gumba, ukifunge kwa uzi. Kisha nenda mwenyewe skuli umweleze mwalimu wake kwa nini.