MUUGUZI ANAJIBU: Daktari wa akili kwa njia ya simu, nitampataje wa kweli?

Swali

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 29, nafundisha nje kidogo ya mji wa Mpanda. Mwaka 2021 niliugua. Nilikaa siku nne bila usingizi, nikawagawia majirani vyombo vyangu vyote na kitanda, nikawaambia nimepata kazi kubwa serikalini. Ndugu zangu wakanipeleka Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, nikalazwa wiki tano. Daktari akasema ni baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha hisia kupita kiasi na mara nyingine kuzishusha. Nilitoka na dawa mbili: valproeti, asubuhi na usiku, na olanzapini kidonge kimoja wakati wa kulala. Tangu hapo sijalazwa tena na kazini sikosi.

Shida yangu ni kliniki. Natakiwa kurudi Dodoma kila baada ya miezi mitatu, lakini nikipiga hesabu ya nauli, ya kulala na ya kuomba ruhusa, mwaka jana nilikwenda mara moja tu. Dawa nanunua hapa mjini kwa cheti cha zamani. Mwezi uliopita nikaona ukurasa wa Instagram wa mtu anayejiita bingwa wa akili, msongo, kisukari na nguvu za kiume. Tuliandikiana WhatsApp siku nyingi, nikamtajia umri na dawa zangu, naye hakuniuliza jambo jingine. Anataka shilingi 60,000 kwanza, halafu atanitumia kwa basi dawa ya kumaliza kabisa baipola. Namba ya malipo inaleta jina la mwanamke. Bado sijatuma.

Ugonjwa huu unaweza kweli kutibiwa kwa simu? Daktari wa kweli nitamjuaje? Na mwalimu mkuu hatajua? Mume wangu anajua kila kitu. Mama mkwe hajui, yeye anauliza mjukuu tu, nasi tunajaribu tangu Januari.

*Mwalimu wa Darasa la Tatu, Katavi*

Jibu

Marahaba mwanangu. Hizo 60,000 usitume.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote macho yangu yamerudi kwenye sentensi ya mwisho, ile uliyoiandika kama jambo la pembeni. Unatumia valproeti na unatafuta mtoto. Hilo ndilo la kwanza kwangu, la daktari wa mtandaoni nitalifikia.

Valproeti ni dawa nzuri ya baipola, na imekushikilia vizuri. Lakini mtoto aliye tumboni inamdhuru. Kati ya wanawake 10 wanaoitumia wakiwa na ujauzito, takriban mmoja hujifungua mtoto mwenye kasoro ya viungo, mgongo wazi ukiwa mojawapo, na watoto 3 hadi 4 kati ya 10 huchelewa kujifunza na kuzungumza. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limeonya isitumiwe na wanawake wenye umri wa kuzaa. Usiingiwe na hofu ukaitupa usiku huu. Ukiikata ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu, na ugonjwa uliorudi wakati una mimba ni hatari kwako na kwa mtoto pia. Fanya hivi: wiki hii kapime ujauzito. Ikiwa haupo, tumieni kinga wewe na mumeo mpaka daktari abadilishe dawa taratibu. Ikiwa upo, siku hiyohiyo nenda hospitali ya mkoa ukiwa na vidonge vyako mkononi, uwaambie unatumia nini na kwa kipimo gani. Waulize pia habari ya foliki asidi, vitamini wanayopewa wajawazito. Baipola haikuzuii kuwa mama. Nimewahudumia wengi wenye ugonjwa kama wako waliozaa na kulea, wakiwa wamepanga dawa mapema na daktari wao.

Sasa mtazame yule wa Instagram. Umeandikiana naye siku nyingi, wewe ni mwanamke wa miaka 29, umemtajia valproeti, na hakukuuliza kama una mimba au kama unataka kuzaa. Angekuwa na vyeti ukuta mzima, hilo peke yake lingetosha kumkataa. Na dawa ya kumaliza kabisa baipola haipo. Iliyopo ni matibabu yanayoutuliza ugonjwa miaka na miaka, kama ulivyotulia wewe.

Umeuliza kama simu inaweza kutibu. Inaweza, na nimeona kwa macho yangu. Nimefanya kazi wodini miaka 26, lakini funzo hili nililipatia sebuleni kwa mdogo wangu huko Songea. Naye ni mgonjwa, daktari wake yuko Dar es Salaam. Siku ya kwanza walipozungumza kwa video nilikuwa nimekaa kando yake, nje ya picha. Daktari hakuanza na habari za usingizi wala mawazo. Alianza hivi: “Uko wapi sasa hivi, mtaa gani? Nani yuko nyumbani nawe? Nitajie namba yake, simu ikikatika nimpigie yeye.” Nilishusha pumzi. Huyo alijua kwamba mgonjwa wa mbali anaweza kuzidiwa katikati ya mazungumzo, na bila kujua alipo huwezi kumtumia msaada.

Kisha akamwambia anyooshe mikono mbele, vidole vikiwa wazi, aweke karatasi juu yake. Mdogo wangu akachana ukurasa kwenye daftari la hesabu za duka lake. Mikono kwa macho ilionekana imetulia, lakini ukingo wa ule ukurasa ulikuwa unachezacheza bila kukoma. Daktari akaliona hilo kwenye simu, umbali wote ule, akarudi kwenye vipimo vya dawa. Mwishoni akauliza kama kuna mtu wa kuukunja mkono wa mgonjwa kwenye kiwiko, polepole. Niliukunja mimi. Ulikuwa unakwamakwama kama gurudumu lenye meno, na hiyo ni dalili ya dawa kumkaza misuli. Jambo hilo haliwezi kuonekana kwenye kioo cha simu. Linahitaji mkono wa mtu aliyefundishwa.

Kwa hiyo, mwanangu, unahitaji watu wawili: bingwa wa mbali, na muuguzi au tabibu wa hapo Mpanda wa kukupima uzito, presha na sukari, maana olanzapini hunenepesha na inaweza kupandisha sukari. Kwa kuwa bado uko kwenye valproeti, ini na damu yako navyo vinahitaji kupimwa. Daktari wa mtandaoni anayekuandikia dawa hizi bila kuulizia vipimo hata kimoja anabahatisha, na maisha yako si ya kubahatishia.

Kumtafuta, usianzie Instagram wala Facebook. Anzia kwenye faili lako. Piga simu kliniki uliyolazwa, taja jina lako na mwaka 2021, uwaulize kama daktari wa pale anaweza kukufuatilia kwa simu kati ya kliniki moja na nyingine, ili Dodoma uende mara chache zaidi. Anayekujua ulivyokuwa siku ile ulipoletwa anakufaa kuliko mgeni mwenye ukurasa mzuri. Isipowezekana, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, ueleze kwamba unahitaji bingwa wa magonjwa ya akili, waombe wakuunganishe kwa rufaa ya simu. Mabingwa hawa nchini ni wachache na wengi wako miji mikubwa, hivyo matabibu wa mikoani huwa wanajua nani anapokea simu na siku gani. Njia ya tatu ni hospitali inayojulikana, yenye jengo na mapokezi, ambayo pia inaona wagonjwa kwa video. Malipo yaingie kwenye akaunti ya hospitali na risiti utoke nayo. Na kwa kuwa wewe ni mtumishi, pita kwanza dirisha la bima kabla hujatoa fedha mfukoni.

Ukishapata jina, lithibitishe. Daktari wa kweli hakasiriki ukimwomba jina lake kamili na namba ya usajili. Kwa Tanzania Bara, Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalotunza rejista. Waulize kama huyo yumo, na kama yumo kama bingwa wa magonjwa ya akili au kama daktari wa kawaida. Zanzibar wana baraza lao, na wasomaji wangu wa Kenya wanaulizia KMPDC, baraza la madaktari la kwao. Usichanganye daktari wa akili na mwanasaikolojia au mshauri nasaha. Hao nawaheshimu sana, na siku moja unaweza kumhitaji mmojawao kwa mazungumzo ya kina juu ya ndoa, kazi na hofu ya kuugua tena, lakini kuandika au kubadilisha valproeti si kazi yao. Dawa ukishaandikiwa, inunue famasi yenye mfamasia, kwa cheti kipya. Cheti cha zamani unachozungukia nacho kimekuficha kwa daktari muda mrefu, na katika muda huo ndipo mlipoanza kutafuta mtoto.

Siku ya miadi usiingie mikono mitupu. Chukua karatasi uandike: majina ya dawa na miligramu kama zilivyo kwenye pakiti, saa unazolala kwa wiki mbili zilizopita, tarehe ya hedhi ya mwisho, na ile karatasi ya kutoka hospitali uipige picha. Andika pia dalili zako za mwanzo, zile mumeo anazozijua kuliko wewe. Kwa wengi huanza usingizi kupungua bila uchovu. Mumeo naye akae karibu dakika za mwisho, daktari amsikie. Bando liwe la kutosha, na picha ikianza kugandaganda izimeni mbaki na sauti.

Kuhusu mwalimu mkuu: daktari haruhusiwi kumwambia bila ridhaa yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Siri nyingi nilizoziona zikivuja hazikutoka kwa daktari. Zilivuja kwa simu iliyoachwa mezani ikiwa wazi, kwa picha ya cheti iliyotumwa kwenye kundi lisilo lake, na kwa dari ya nyumba ya kupanga inayopitisha sauti chumba hadi chumba. Weka namba ya siri, vaa spika za masikioni, chagua saa ambayo wapangaji wenzako wametoka. Simu ya ofisi ya walimu usiitumie kabisa kwa jambo hili.

Lipo jambo moja ambalo halingoji miadi ya mtandaoni. Ukipitisha usiku wa pili bila usingizi na mwili haudai kulala, ukianza kugawa vitu tena, ukisikia sauti, au wazo la kufa likikujia, mumeo akupeleke hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Daktari wa simu mtampigia mkiwa njiani.

Mama mkwe mwacheni kwanza. Hilo mtaamua nyie wawili, dawa ikishabadilishwa na mkiwa mmetulia. Akiuliza mjukuu, mumeo ndiye amjibu, ni mama yake.

Namba ya yule wa Instagram usiifute. Tunza meseji zote, na namba hiyo uitume kwenda 15040, wanakopokea taarifa za matapeli wa simu. Kisha niandikie kipimo kimeonyesha nini. Barua yako nitaifungua ya kwanza.