Steringi mzee na bastola yake: najibu maswali yenu

Wiki iliyopita niliiponda filamu ya Death Wish ya 2018, ile ambayo Bruce Willis anawawinda majambazi kwa bastola kulipiza kisasi. Tangu hapo simu haijatulia.

Kaka, kwenye kibanda chetu cha video Makorora, hapa Tanga, watu walipiga makofi mpaka mwisho. Ubaya uko wapi?

Hata mimi nilipiga, gari lilipomwangukia yule jambazi gereji. Lakini tazama: Willis ni daktari wa upasuaji Chicago, mkewe ameuawa, binti yake yuko hospitali hajitambui. Arobaini haijafika, baba anajifunza bastola kwenye intaneti huku muziki wa roki ukipigwa. Msiba umeishia wapi? Halafu ilitoka tarehe 2 Machi, siku 16 tu baada ya watu 17 kuuawa kwa risasi shuleni Parkland, Florida. Wakosoaji wa Marekani hawakuwa na hamu ya kucheka.

Si kwa sababu steringi amezeeka?

Hapana. Willis alikuwa na miaka 62. Charles Bronson aliicheza ile ya kwanza, ya 1974, akiwa na 52, na ya tano ilipotoka 1994 alishatimiza 72! Tofauti ni kwamba Bronson, baada ya kuua mara ya kwanza, anakimbilia nyumbani kutapika. Willis uso wake uleule mwanzo mwisho.

Ni kisa cha kweli?

Riwaya tu, ya Brian Garfield, 1972. Naye hakupendezwa na filamu ilivyomfanya muuaji shujaa.

Majambazi wa Ngamiani wangepata mtu kama huyo, tungelala milango wazi.

Ndugu yangu, huku bastola ya nini? Yowe moja la "mwizi!" linatosha. Nimeona kijana akipigwa matofali karibu na soko kwa ajili ya simu. Ameshalala chini, damu zinamtoka, simu ikaita: imo ndani ya mkoba wa mama aliyepiga yowe. Watu wakatawanyika kimya kimya. Kwenye filamu mwandishi ameshakuonyesha jambazi ni nani. Pale sokoni nani alituonyesha?

Willis mbona haonekani siku hizi?

Anaumwa. Machi 2022 familia ilitangaza ameacha kuigiza kwa sababu ya afasia, maradhi yanayomnyima mtu maneno. Filamu tuiseme, yeye tumwombee.

Hiyo ya 1974 naipata wapi?

Ninayo. Njoo Barabara ya 12 na flashi yako, ila usiniletee virusi kama yule wa Chumbageni.