Muuguzi aliyesema "sijui"

Wiki hii mmeuliza: je, imani ya wananchi kwa wale wanaowapa chanjo ina uzito gani mtu anapoamua kuchanjwa wakati wa janga?

Kwangu mimi, uzito wake unazidi hata ule wa elimu tunayoihimiza kila siku. Wakati wa korona nilisikia mno kwamba wanaokataa chanjo hawajui kitu. Sikubali. Wengi niliozungumza nao walijua mengi, ila hawakuwa na mtu wa kumwamini.

Chukueni mfano wa Kano, jimbo la kaskazini mwa Nigeria lenye Waislamu wengi. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ilipopamba moto, kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa yake ya Trovan katika utafiti uliohusisha watoto wapatao 200. Watoto 11 walifariki. Kampuni ilikana kwamba dawa ndiyo iliyowaua, lakini wazazi walisema hawakuambiwa kuwa watoto wao wanafanyiwa majaribio. Mwaka 2003 wachanjaji wa polio walipobisha hodi, ukazuka uvumi kwamba chanjo inafunga uzazi. Ulikuwa uongo, ila uliangukia kwenye kidonda kibichi. Kano ikasimamisha chanjo kwa miezi mingi, na virusi kutoka kaskazini mwa Nigeria vikavuka mipaka hadi nchi zilizokwisha kuvitokomeza. Njia ilifunguka pale viongozi wa hukohuko waliposhirikishwa katika kuipima chanjo, ikaletwa ya kutoka Indonesia, kwa Waislamu wenzao. Hakuna hotuba ya daktari wa mbali ambayo ingeweza kufanya kazi hiyo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoficha habari mbaya eti wasiwatie watu hofu. Machi 2021 Denmark ilisitisha chanjo ya AstraZeneca kwa sababu ya tatizo nadra la damu kuganda, ikaeleza waziwazi, na mwezi uliofuata ikaiacha kabisa. Watu hawakukimbia, waliendelea kujitokeza kupata chanjo nyingine kwa wingi.

Nami nililiona hilo kwa macho yangu nikiwa kwenye foleni ya chanjo ya korona. Mama mmoja mbele yangu, mwenye presha, aliuliza kama damu yake haitaganda. Muuguzi aliiweka sindano chini, akavuta kiti, akaketi.

"Mama, hilo hutokea, ila ni mara chache sana. Kwa hizo dawa zako unazomeza, sijui. Nisubiri nimuulize daktari."

Tulisubiri karibu robo saa, na wengine nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Aliporudi alimweleza yote taratibu, hata dalili za kumrudisha hospitali haraka. Yule mama akakunja mkono wa gauni lake mwenyewe. Baada ya kuchomwa alikaa kwenye benchi, akatoa simu na kumpigia mdogo wake aliyekuwa amegoma tangu mwanzo: "Njoo, mwanangu. Huyu ukimuuliza anakujibu."